Joto la Ukutani

Jumatatu, 9 Februari 2009

Vizimba ishirini na viwili nimeosha. Maji, chakula, maranda mapya. Panya namba kumi na moja ameniuma kidole, mjinga yeye. Halafu Daktari Naserian akaniita kwa chumba cha taa. Hapo kazi yangu ni moja. Yeye anaangalia panya kwa sanduku la kioo chini ya taa ya joto, mimi nasimama mlangoni naandika namba anazosoma. Niliachia shule darasa la tano, lakini namba sijawahi kukosea.

Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa nukta mbili, panya akaanguka kwa ubavu, miguu ikipiga. Daktari akanipa nimlaze kwa sinia ya barafu kama kawaida.

Hawa panya walibadilishwa kitu kwa damu kabla hata wazaliwe, ndio joto liwaangushe. Daktari anasema ni ya kusaidia watoto wa watu.

Sikumwambia kuhusu Nekesa wangu. Miaka mitatu. Mwezi uliopita, mchana wa jua kali, ndani ya nyumba yetu ya mabati, alikakamaa hivyo hivyo. Macho yakageuka juu. Mwili moto kama sufuria. Zahanati walimpa dawa ya maji, hakuna mtu aliniambia kitu.

Sasa najua. Ni mabati.

Alhamisi, 19 Februari

Nimeiba. Themometa ya ukutani, ilikuwa kwa stoo ya kazini, imejaa vumbi, hakuna mtu anaitumia. Bado ni wizi.

Nimeigongea msumari juu ya kitanda cha Nekesa. Saa nane mchana: thelathini na tatu. Mungu wangu. Bado sita tu ifike ile ya panya.

Mume wangu Wafula amerudi kutoka machimbo ya mawe, vumbi mpaka kope. Akaiangalia. "Kwani umetuletea ofisi hapa?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 15 Machi

Thelathini na nne. Kanisa sikuenda. Wafula amepanda kuweka magunia yenye maji juu ya mabati. Jirani akapita akauliza, "Baba Nekesa, hiyo nyumba unaiosha ama unaipika?" Nekesa nimemkalisha uchi kwa karai mpaka jua lishuke.

Mamangu mkwe amekuja kutoka Bungoma kutusaidia na mtoto. Anasema nitamuua kwa baridi. Tumekosana. Hatuongei.

Naogopa saa nane kama mtu anaogopa polisi.

Jumanne, 7 Julai

Baridi imeshika Kitengela. Ukuta unasema kumi na sita. Tangu Mei nalala usingizi wa ukweli. Hii miezi haiwezi kumwangusha.

Nekesa anakohoa kidogo. Anatetemeka, hataki uji. Mamangu mkwe ameniuliza, polepole, kama anaogopa nimjibu vibaya, amfunike? Nikamwambia, mfunike tu mama, sasa haina shida. Alifurahi sana. Ni mara ya kwanza tunaelewana tangu Machi.

Jumatano, 8 Julai

Wacha niandike.

Asubuhi Daktari alitaka nimshikie panya, nikaingia mpaka ndani. Chumba baridi, sweta nimevaa. Ndio nikaona waya. Mwembamba kama uzi, umeingia kwa panya chini ya mkia; kumbe yeye huuchomoa kabla anipe panya. Nikauliza ni wa nini.

"Ndio unaleta namba, Mama Nekesa. Zote umeandika ni za mwili wa panya. Si za hewa. Mtoto akiwa na homa, hata nje kuwe na barafu, ni hivyo hivyo."

Nikamwambia yote. Nekesa. Themometa. Blanketi. Kabla nimalize alikuwa ameshika ufunguo wa gari. Kituo chetu cha kazi kiko mbali na nyumbani, njia ya Kajiado. Sikumbuki barabara.

Blanketi tatu na shuka juu. Ukuta: kumi na saba. Nekesa amekakamaa, povu kwa mdomo, na mamangu mkwe analia akimtafutia kijiko amwekee kwa meno. Nikapiga kelele asiweke. Nikatupa blanketi zote chini. Nikamlaza kwa ubavu. Daktari akaangalia saa yake, akahesabu dakika kwa sauti, ile sauti ya kazini. Nilitaka anyamaze. Nilitaka asiache.

Sita. Kisha gari, zahanati, sindano. Kifua ndicho kilimletea homa.

Mimi ndiye nilisema afunikwe.

Ijumaa, 10 Julai

Aliamka akaniangalia kama mgeni. Hakuniita Mama mpaka jioni. Nilihesabu hizo saa zote.

Wafula hajaenda machimbo. Amekaa tu kwa stuli. Mamangu mkwe anasema ni mikono yake. Nimemwambia hapana, ni mdomo wangu. Tumelia sisi wawili, tukimficha mtoto.

Jumatatu, 20 Julai

Nimerudi kazini. Themometa nimempelekea Daktari mwenyewe, nimeipangusa. Neno wizi hakulitaja. Aliiweka kwa dirisha, akanipa nyingine ndogo ya kioo, ya kwapani.

Namba kumi na moja amezaa. Sita, wekundu kama maharagwe. Daktari anasema kati yao kuna wenye wako na hiyo kitu ya damu, lakini kwa macho huwezi kuwajua. Nilikuwa na swali langu, kama Nekesa aliitoa kwangu. Sikuuliza. Nimewawekea maranda laini.

Jioni. Mamangu mkwe amekunja blanketi mbili akazifungia kwa sanduku. Msumari bado uko ukutani. Nekesa anasema kioo ni baridi, anacheka, anabana kwapa kwa nguvu zake zote.

Thelathini na sita nukta saba.

Kesho tena, kabla ya uji.