Nilichokitoa kwenye Gari la Paulo

Karakana ya Fundi Nassoro,
Barabara ya Naliendele,
Mtwara.
9 Juni 2024

Mpendwa dada Neema,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Mbinga ya mwezi huu? Na Mama, bado analalamikia lile jicho la kushoto? Najua mmeanza kuchuma kahawa, kwa hiyo barua itakukuta umechoka. Isome ukiwa umekaa, na usimsomee Mama kabla hujafika mwisho.

Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, kama kawaida ya mtu anayelala chini ya magari. Usingizi ndio sina. Ningeweza kukupigia simu, na nilijaribu mara mbili. Ulipokea, nikakuuliza habari za mvua. Basi nimeona niandike, ingawa darasa langu la tano unalijua.

Jumatatu iliyopita gari alilokuwa akiendesha mdogo wetu Paulo limeletwa hapa karakana. Miaka miwili limekaa nyuma ya duka la tajiri wake, Bwana Zahir, kule Mikindani, hakuna dereva aliyekubali kulipanda. Sasa Rashida, binti wa huyo Zahir, amesema huo ni ujinga, gari litengenezwe alitumie yeye. Nilipofungua mlango nikaona kiti cha dereva bado kimesukumwa nyuma kabisa. Unaikumbuka miguu yake ilivyokuwa mirefu.

Kazi niliyopewa ni kubadilisha sensa ya oksijeni. Ni kidude kama kidole gumba, kinachomekwa kwenye eksozi, lile bomba la kutolea moshi, kazi yake kuunusa huo moshi. Kikiona mambo si sawa kinawasha taa kwenye dashibodi. Sensa hii ilikuwa imeganda kwa kutu, haizunguki. Nilijua hata kabla sijalala chini yake, kwa sababu mimi ndiye niliyeshindwa kuitoa mara ya kwanza.

Dada, hapa ndipo pagumu. Mwezi wa pili mwaka 2022 Paulo alikuja na gari hilo, taa inawaka. Nikatia spana, haikwenda. Nikachomeka bomba kwenye spana nipate nguvu, nikaning'inia. Sensa haikutoka, ila pale ilipochomelewa kwenye eksozi pakapasuka. Ilitakiwa nikate, nichomelee upya. Gesi ilikuwa imeisha, nami nilikuwa na njaa. Nikapaka gundi ya chuma kwenye ufa. Halafu nikafungua dashibodi, nikabandika tepu nyeusi juu ya ile taa isionekane. Mafundi wengi tunafanya hivyo. Mwenye gari haoni taa, anafurahi.

Gundi ile haiwezi joto la eksozi. Na sakafu ya gari lile ilikuwa imeliwa na kutu, maana lilibeba chumvi na samaki.

Wiki zilizofuata Paulo aliniambia, "Kaka, nikiendesha kichwa kinaniuma, nikishuka kinapona." Nikamjibu, "Hiyo ni njaa, mwambie mkeo akupikie." Tukacheka. Maneno hayo ndiyo yanayoniamsha.

Mengine unayajua. Mwezi wa tatu alikwama kwenye matope karibu na Mahurunga, mvua kubwa, saa nane mchana. Akafunga vioo, akaacha injini inawaka ili feni ifanye kazi, akawa anangoja watu wa kumsukuma. Walipofika walimkuta amekaa kwenye kiti, hana jeraha, uso kama wa mtu aliyelala. Sisi wenyewe ndugu tulikataa asipasuliwe. Nyumbani mkasema ni mkewe. Mwanamke wa pwani, dini nyingine, kwao wanajua dawa. Mwanaisha alisindikiza jeneza hadi Mbinga, mtoto mgongoni, na pale kaburini akazuiwa kutupa udongo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa nashuku ile gundi tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Mlipomtaja yeye, moyo wangu ulipumua. Nakwambia ukweli.

Basi Jumatatu nikalala chini ya gari na tochi. Gundi yote imeungua, ufa uko wazi. Masizi yametoka kwenye ufa, yakapanda sakafuni mstari mweusi hadi kwenye tundu lililo chini ya zulia la dereva. Yamechora kabisa njia ya ule moshi wa sumu kuingia ndani. Sikuwa tena na la kushuku.

Siku mbili niliisumbua ile sensa. Nilimwagia mafuta ya kulainisha, nikapasha moto kwa gesi hadi pakawa pekundu, nikagonga taratibu. Kila nikigonga, ndani ya gari kitu kilijibu kama mtu anayekohoa. Najua ni bati. Nilitoka chini mara nne kuangalia kiti.

Fundi Nassoro alinitania mbele ya wenzangu, "Wee Mmatengo, huo siyo mbuni wa kahawa uupalilie! Ipige!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anaiposa." Wakaangua kicheko. Nilipoanza kulia wakadhani ni moshi.

Ilitoka Jumatano, ikipiga kelele kama chuma kinachochinjwa. Nikakata pale pote palipopasuka, nikachomelea upya, nikaziba sakafu kwa bati nene. Sensa mpya nikaipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi zake za kukazia, atakayekuja baada yangu asiteseke. Mwisho nikabandua tepu. Alama ya kidole changu ilikuwa bado kwenye gundi yake. Nikawasha injini, taa ikawaka, kisha ikazimika yenyewe, kama inavyotakiwa. Kiti sikukigusa.

Nikamwambia Bwana Zahir yote. Akaingia dukani. Ijumaa nikaenda Mahurunga. Mwanaisha alikuwa anamenya mihogo nje. Nilimweleza nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alimenya mihogo miwili kabla hajajibu.

"Shemeji, miaka miwili sinunui hata dawa ya kikohozi mbele za watu. Wananiuliza ya nani. Wewe ulikuwa unakuja hapa Idi, unakula pilau yangu, unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Basi kawaambie kwenu. Mimi sitaki pole yako. Nataka udongo wangu."

Dada, uliniambia mwezi wa nane mnajengea kaburi. Sementi ikishamwagwa, hakuna udongo tena. Nakuomba msimwage kabla hajafika. Atakuja na Asia, sasa ana miaka minne, miguu yake ni ileile ya baba yake. Mwambie Mama kwamba aliyemuua Paulo si mkewe. Ni mwanawe mwingine, kwa uvivu, kwa njaa, na kwa tepu ya inchi mbili. Sensa ya zamani na kile kipande cha eksozi nilichokikata nimevifunga kwenye kitambaa, nitakuja navyo. Asipoamini maneno, nitamwonyesha ufa.

Nisalimie shangazi Tatu na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia, ingawa baada ya hii sijui watakaobaki. Mungu ampe Mama nguvu ya kusikia, nawe akupe ya kusema.

Nitapanda basi moja na Mwanaisha. Mkitaka kumfukuza mtu pale kaburini, nifukuzeni mimi, ila ngojeni kwanza yeye amalize.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Gaudensi