Anayenipikia Sasa

Kalemie, tarehe 11 Agosti 2024

Kwako mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Bertille, Ankoro,

Amani ya Bwana iwe juu yako na nyumba yako yote. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na watoto wa marehemu mdogo wetu Wilfried, Glodie na Guelord, wanasoma vizuri? Huku upepo wa kiangazi unalichafua ziwa, samaki wadogo wa ndagala wamekuwa haba sokoni, nami bado napanga chumba kilekile, katika mtaa wa watu tuliokimbia vita, ambamo hakuna anayelijua jina la baba yetu. Miaka yote hii, nikiamka, kitu ninachokitafuta kwanza ni sauti ya mto Luvua.

Yaya, nimekuwa mgonjwa tangu mvua za mwisho. Nilianza kwa kuchoka tu. Mashati yakanipwaya mabegani, kisha tumbo likavimba na macho yakawa ya manjano. Jirani yangu Mama Adrienne alikuwa ameanza kuniletea ugali aliponiona nadhoofika, lakini tumbo lilipovimba akaacha. Nilipomwuliza sababu alisimama mlangoni bila kuingia. Akasema, “Papa Bonaventure, sina ubaya na wewe. Lakini na hili tumbo, siku ukifa wataulizana: njo nani alikuwa anamupa chakula?”

Sikumlaumu. Nilimwambia kwamba kabla yake nimejipikia miaka mingi, kwa hiyo kama ni sumu basi nimejilisha mwenyewe. Alicheka, akarudi kwake. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita kwangu na sahani. Mgonjwa anayekula peke yake hushiba haraka, Yaya. Nilikuwa nikimwaga nusu ya chakula changu.

Nikaenda hospitali. Daktari ni mwanamke kijana, anaitwa Joëlle, na ana subira. Alinitoa damu, akanipiga picha ya tumbo, kisha akanieleza. Nina virusi vya hepatiti B, homa ya ini, na huenda nimevibeba tangu utotoni. Vinapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwa sahani au kikombe havipiti. Mtoto mchanga akivipata, mara nyingi mwili wake unashindwa kuvitoa. Vinakaa kwenye ini makumi ya miaka bila maumivu yoyote, vikiliumiza polepole, mpaka ini lijae makovu. Na kwenye ini la namna hiyo kansa inaweza kuota. Nilimsimulia juu ya wembe mmoja ambao nyanya alituchanjia dawa kifuani sisi watatu, mwaka ule wa surua. Alisema inawezekana ni wembe ule, inawezekana ni mama yetu bila yeye kujua. Hilo hakuna atakayelijua tena.

Unaona ninakoelekea. Wilfried alikufa na tumbo kama langu na macho kama yangu. Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa, na daktari naye alikataa kuapa. Lakini wewe uliapa kaburini kwamba mke wake Célestine alimlisha sumu. Ukamfukuza, ukabaki na watoto wake.

Kuna mambo mawili niliyokuwa nikiyachelewesha. La kwanza, ini langu limekwisha kuota kansa. Uvimbe ni mkubwa, na kilichobaki ni kupunguziwa maumivu. La pili ndilo lililonipa taabu kuliandika: anayenipikia sasa ni Célestine.

Nilimwita mwenyewe kutoka kwao Mpala. Mara ya kwanza alikataa, akanitumia jibu kwa mwenye mtumbwi: “Mumuulize shemeji, anataka nizike bwana na shemeji kwa chungu kimoja?” Mara ya pili alifika bila kutuma neno, akatua mzigo, akauliza chumvi iko wapi. Daktari amempima, hana virusi, na ameanza kuchanjwa. Tunakula sahani moja.

Nikifa, watasema. Na watakayemsikiliza ni wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu. Tumbo langu lilivimba kabla hajafika, na picha ya hospitali ilipigwa kabla hajafika. Siku ya kilio changu, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, wasomee barua hii mpaka mwisho. Lakini usingoje siku hiyo ili ukapimwe, wewe na watoto. Atakayekutwa na virusi mapema atafuatiliwa, na vipo vidonge vya kulilinda ini lake. Asiye navyo na asiye na kinga atachanjwa.

Célestine anawaulizia Glodie na Guelord kila siku. Alinikataza kukuandikia hilo, nami nimeliandika.

Wasalimie wote ambao bado wananikumbuka huko nyumbani. Naishia hapa, Yaya, kwa sababu ananiita. Anasema ugali unapoa.

Mdogo wako akupendaye,
Bonaventure