Kijana Aliyebebwa na Kasa

Al Amerat, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi nje unaota jua, si kitandani kama mdogo wangu Evodia alivyonieleza kwenye simu. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku halina adabu.

Nina habari ya ajabu kidogo. Baba yake Aya, yule mtoto ninayemlea, alikwenda Japani kikazi akarudi na kitabu cha hadithi cha watoto. Picha zake, Mama, hutamani kufunga ukurasa. Maandishi ndiyo balaa, hakuna mtu humu ndani anayejua hata herufi moja. Aya akaniletea nimsomee, nami sikutaka kushindwa mbele ya mtoto wa miaka mitano. Nikasoma picha.

Hadithi tamu kweli. Mzee wa ndevu nyeupe yuko peke yake ufukweni. Moshi unaingia kwenye kisanduku chake, naye anageuka kijana. Kasa anampeleka kwenye jumba la chini ya bahari, anakula karamu, kisha kasa anamrudisha kwao, na mama yake yuko mlangoni. Aya akawa hataki hadithi nyingine.

Ijumaa bibi yake, Bi Zakiya, mzaliwa wa Unguja, alitusikiliza akacheka mpaka akajishika mbavu. Akaniambia, “Vene mwanangu, kitabu hichi chafunguliwa kulia, kama vyetu vya Kiarabu. Wewe umeanzia mwisho.”

Tukaanza upya. Kumbe kijana anamuaga mama yake. Anastarehe huko chini ya bahari, na akirudi anakuta nyumba haipo, mama hayupo. Anafungua kisanduku, moshi unatoka, anazeeka palepale. Nilitamani kukigeuza tena.

Aya akaniuliza, “Mbona hakurudi mapema?” Nilikwenda jikoni nikajifanya namenya vitunguu.

Mama, kila uliponiomba nirudi nilikujibu mkataba mmoja tu, basi. Juzi wameniletea mwingine, nami nimekataa kuusaini. Sikukwambia kwenye simu kwa kuwa ningelia. Naogopa, sijui nitafanya kazi gani huko, lakini tiketi imeshakatwa na mwezi ujao nitakuwa nyumbani.

Nisalimie Evodia, majirani wote, na wenzako wa jumuiya wanaokuombea. Umeze dawa hata kama ni chungu. Nisubiri, Mama. Usiende popote.

Mwanao akupendaye,
Veneranda