Posa ya Rukia na Ndege Zisizo na Rubani

Jumamosi, baada ya Magharibi

Sijui leo nimeharibu au nimetengeneza.

Wazee wa posa walikuja asubuhi kutoka Chokocho, kanzu zimenyooka kama mbao. Halua haijaisha, mmoja akaniuliza, "Mzee Faki, huyu mjukuu wako Rukia huko chuo kikuu anasomesha nini hasa?"

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Nikajibu nilivyomwelewa Rukia mwenyewe: "Ndege za vita zisizo na rubani. Nchi gani inazo, na nani anamwogopa nani."

Akakirudisha kipande cha halua sahanini. Mwenziwe akajichekesha: "Na akikasirika na mume?"

"Hapo, shehe, mtapanda ngalawa mkimbilie kisiwani Makoongwe."

Mzaha tu! Wakavaa viatu, kahawa wakaiacha. Wamesema watarudi. Hawakusema lini.

Mamaake Rukia, aliyeingoja posa hii miaka, hanisemeshi. Rukia nilimweleza yote, nikasubiri anune. Akauliza tu, "Babu, kazi yangu umewaeleza sawasawa?"

Nikasema nimejaribu. Akanibusu mkono, akarudi kwenye kompyuta yake akiimba.

Sasa Rukia yule kijana aliyeleta posa alikuwa anamtaka au hamtaki? Kumuuliza naogopa. Kahawa yao nimeinywa mimi, yote.