Shingo ya Mlimani Imezama

Jumapili, jioni. Mvua tangu asubuhi.

Area D nzima, hapa Dodoma, inashangilia. Mama mwenye nyumba ametoa ndoo zote nje, majirani wanapeana hongera utadhani kuna harusi, na kanisani tumemshukuru Mungu kwa mvua. Mimi sikuitikia amina. Mgogo mzima, mzaliwa wa nchi ya ukame, nimekaa kwenye benchi nikiomba mvua ikatike.

Wakulima mnisamehe. Mvua hii imetanda hadi Mtera, na dada yangu Nyemo yuko huko, kisiwani katikati ya bwawa, na ujauzito wa kujifungua wakati wowote.

Wenyewe hawasemi kisiwa. Wanapaita Mlimani, kwa sababu palikuwa mlima kabla bwawa halijajaza bonde, na kilichobaki nje ya maji ni kichwa chake tu. Kaskazini ni mawe matupu. Katikati kuna nyumba za miti na udongo, na mbuzi wasio na adabu. Kusini ardhi inashuka taratibu hadi kwenye tope jeusi, na kiangazi maji yakirudi nyuma wanapanda mahindi humo humo kwenye tope. Unaweza kupazunguka pote kabla maharage hayajaiva.

Magharibi ndiko kuna shingo, ukanda mwembamba ulionyooka unaounganisha Mlimani na nchi kavu. Kiangazi unapita hata na baiskeli. Mvua zikianza inazama, lakini kwa muda bado inavukika kwa miguu, ukijua pa kukanyaga. Kulia na kushoto ni kina kirefu. Na mamba.

Watu walijua pa kukanyaga kwa sababu ya miti. Miti iliyokufa bwawa lilipojaa ilibaki imesimama pande zote mbili za shingo, mikavu, myeupe, na wewe ulipita katikati yake.

Nilipokwenda mwezi uliopita, haikuwepo.

Wameikata yote, kuni za kukaushia samaki. Shemeji Yohana, mume wa Nyemo, alinionyesha rundo lake kwa fahari: kuni kavu, za bure, hatua chache tu kutoka nyumbani. Waliikata maji yakiwa chini, wakaacha visiki. Sasa visiki vimefunikwa na maji na vimeshapasua mtumbwi wa jirani. Kwa hiyo mtumbwi Nyemo hataki hata kuusikia.

Nilimsihi twende wote Dodoma. Akasema mahindi yakomae kwanza, akiondoka viboko watayamaliza. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula samaki, na mimi na samaki mnatujua.

Leo alasiri amepiga simu. Mahindi yamekwenda. Maji yameingia shambani, na shingoni yamefika magotini. Tumbo limeanza kumkaza. Kesho asubuhi wanavuka kwa miguu.

Nikaomba kuongea na shemeji.

“Usihofu, shemeji. Ile njia naijua hata nikifumba macho.”

“Unaijua kwa miti, shemeji. Miti iko wapi?”

Nilisikia mbuzi wakilia, na mvua kwenye bati lao.

“Basi tutalenga ng'ambo,” akasema.

Ng'ambo ipi? Ukisimama Mlimani, ng'ambo ni kichaka kimoja kirefu, kinafanana mwanzo hadi mwisho. Ukikosea kidogo tu wakati wa kuanza, katikati utakuwa umekosea sana. Na atakuwa amemshika mkono mke wake.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Nimewaapisha wote wawili wasiingie majini mpaka wanione. Bosi nimemtumia ujumbe kwamba kesho sipo. Jibu lake nitalisoma nikiwa njiani. Nitapanda basi la kwanza la Iringa, nishuke Mtera, nichukue bodaboda hadi pale njia ya ng'ombe inapoingia majini. Hapo ndipo shingo inapoanzia. Nitavaa kitenge changu cha njano, kile ambacho Nyemo hunicheka kwamba kinaonekana toka mkoa wa pili.

Siwezi kuogelea, kwa hiyo wakiteleza sitakuwa na msaada wowote. Ninachoweza ni kusimama pale wima, nisisogee kushoto wala kulia, mpaka wanifikie.