Jina Yako Bado Iko Kwa Barua

Nafula wangu,

Usishangae mwandiko. Unajua mimi kalamu sikushika. Anayeandika ni Hodan, yule mama Msomali wa klasi yako ya Kizungu, yule wa kukaa kando ya dirisha. Nimemwambia aandike vile naongea, asinirekebishe. Ameanza kulia na hata sijasema kitu. Hodan, andika, utalowesha karatasi.

Hapa kwa nyumba ni sawa. Maji inakuja ikitaka. Jirani wa mlango wa pili amefuga kuku huko juu ya gorofa, jogoo yake inawika saa saba mchana kama mlevi. Mpaka keateka, yule wa kuchunga hii nyumba, amenuna. Lakini si hiyo nilitaka kukuambia.

Ni simu yako. Sikuzima. Tangu tukuzike kule nyumbani, naiweka chaji juu ya kabati, ikilia nashika. Mtu akiuliza Nafula, nasema ametoka kidogo. Si ukienda kufundisha ulikuwa unatoka kidogo? Dada yangu aliniambia, "Mama Nafula, hiyo sasa ni wazimu." Nikamwambia wacha iwe.

Klasi yako wanaendelea, pale nyuma ya duka ya vitambaa, mtaa wa Isili. Zile hadithi nilikuwa naongea wewe unageuza Kizungu rahisi, kwa sababu vitabu ilikuwa imejaa theluji na hao mama hawajawahi kuona theluji, bado wanasoma. Ile ya mimi kwenda soko ya Burma kununua matumbo, mwenye bucha akanifungia kichwa ya ng'ombe macho wazi, hiyo wanaipenda sana. Mimi huenda naketi kwa ngazi nasikiliza. Kizungu sielewi, lakini nikisikia Burma najua ni mimi natembea hapo.

Na nikuambie kitu ilinisimamisha nywele. Kila mmoja kabla asome, anaweka mkono kwa mdomo, anakohoa kidogo. Wote. Walidhani ndio vile Kizungu inaanzwa. Hiyo kikohozi ndio ilikumaliza, mwanangu, na sasa iko kwa vifua ya watu wazima wenye hawana ugonjwa. Siku ya kwanza nilisimama kwa hiyo ngazi nikaita, "Nafula?"

Sasa, asubuhi moja nachambua mboga ya managu, simu ikalia. Mama mmoja, sauti ya ofisi. "Naongea na Nafula?" Nikasema ametoka kidogo. Akasema, "Mwambie aje kesho asubuhi kwa intavyu. Tumependa barua yake." Ni shule, wanataka mpishi.

Nafula, niliacha managu hapo. Nikatoa ile blauzi yako ya kola nyeupe, nikapiga pasi. Mikono, kola, mgongo. Nimeshaitundika kwa mlango ndio nikajiuliza, itavaliwa na nani? Nikaketi chini. Hiyo blauzi ikakaa inaniangalia.

Nikaenda klasi na simu mkononi. Nikauliza, nani ameandikia shule? Hodan akajifunika uso na mtandio. Kumbe ile barua ya mfano uliwaachia, ya kuomba kazi, yenye uliweka juu jina yako na namba yako, Hodan aliinakili yote. Yote! Akabadilisha tu kazi. Nikamuuliza, "Wewe, huna jina yako?" Akasema, "Wallahi mama, nilidhani hiyo jina ni ya barua." Ati kama vile "Dear Sir" ni ya barua. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa ameitafuta hiyo kazi mpaka viatu ikaisha.

Basi kesho yake tukaenda pamoja. Huyo mama wa ofisi akatuangalia, mimi na fimbo, yeye na mtandio. "Nafula ni nani hapa?"

Hodan akaniangalia. Nikajua nikisema ametoka kidogo, mtoto wa watu amekosa kazi.

Nikasema, "Nafula ni msichana yangu. Amekufa. Alikuwa ticha ya huyu."

Hiyo neno, mwanangu, ilikuwa haijawahi kutoka kwa mdomo yangu. Watu walikuwa wananisemea. Ilitoka na nikasikia baridi kwa meno.

Yule mama akafungua faili. Halafu akampa Hodan ile barua, akamwambia, "Haya, soma wewe mwenyewe." Hodan akaweka mkono kwa mdomo. Akakohoa kidogo. Nikashika meza, Nafula. Ulikuwa hapo ndani.

Sasa anapika huko. Leo ni siku yake ya kupumzika, ndio ananiandikia. Blauzi nimempa, inambana kwapani lakini anasema haimbani.

Ile barua ya mfano tumeibadilisha. Klasi walikataa, walitaka jina yako ibaki. Nikawaambia wacheni mtoto apumzike, asiitwe tena kazi. Tumeweka jina yangu, na namba ya kabambe, hii simu yangu ndogo ya vidude. Mwingine akinakili yote tena, na atanakili, nawajua hao, wenye kazi wataniita mimi. Na mimi niko, nitaitika.

Simu yako nitaizima nikimaliza kuongea. Kikohozi nimewaachia, sikuwa na moyo wa kuwaambia.

Lala, mama. Lala sasa. Nitaendelea kuongea hadithi, Hodan ataziandika, na nikienda Burma nitakutaja kwa yule mwenye bucha.

Ni mimi mama yako. Hapa chini nimeweka kidole.