Simu Iliita Mzee Akiwa Anaongea

Dhaka, Jumapili jioni

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nimepiga goti hapa hapa chumbani kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo niitikie hata kama hunioni. Umelalaje? Umekula? Deusi ananiambia unashinda kwenye benchi la wodini na uji unarudi nyumbani kama ulivyokuja. Kula, mama. Ukianguka na wewe, habari za baba nitamuuliza nani?

Mimi mwili hauna neno. Chakula ni wali na samaki, kesho yake samaki na wali, na mvua imenyesha mpaka viatu vimeota ukungu. Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua hii nimtumie kaka Deusi akusomee, maana juzi kwenye simu tulilia wote wawili na hakuna lililosemwa. Uliniuliza swali moja tu, "Mwanangu, mbona hukupokea?" Jibu lake ni hili.

Siku ile ilikuwa ya kongamano. Nilishakueleza: wasomi wa lugha na fasihi ya Kibengali wanakusanyika kutoka nchi nyingi, kila mmoja anasoma alichokiandika, wengine wanamhoji, halafu chai. Baba aliposikia alicheka, akasema kumbe ni kikao cha chama cha tumbaku, maneno mengi na chai. Hakukosea sana. Mwafrika nilikuwa peke yangu, na kila aliyesoma kadi yangu ya shingoni aliniuliza nimefikaje kwenye Kibengali. Nami nikasimulia upya habari za mama mdogo wa Ngara na mpangaji wake, yule nesi Mbengali wa kambi ya wakimbizi, aliyenifundisha nyimbo za kwao kabla sijajua naimba nini.

Zamu yangu ilifuata ya profesa mmoja mzee, mvi tupu, anayeheshimiwa na ukumbi mzima. Alimaliza muda wake, akaingia kwenye wangu. Mwenyekiti aligonga kengele, mzee akaitabasamia kama mtu aliyesikia kuku nje. Hapo ndipo simu ilipoanza kutetemeka mkobani. Nikachungulia, Deusi. Ikakata, ikaanza tena. Nilikuwa mstari wa mbele, macho kwa macho na mzee, na mzee alikuwa anaongea.

Wenzangu walinyanyuka, mama. Vijana wa hapa hapa, Wabengali wenyewe, waliinama kidogo, wakatoka na simu zao, wakarudi, na hakuna aliyewanunia. Mimi sikuweza. Unakumbuka siku katekista alipotutembelea, nikanyanyuka kufukuza mbuzi kabla hajamaliza maneno yake? Baba alinirudisha kwa sikio. "Mtu mzima akisema, matako yako yakae hapo mpaka amarize!" Basi yalikaa. Nikajiambia Deusi anataka picha za kongamano. Sikujua kwamba asubuhi ile baba alikuwa ameanguka shambani, kwamba yuko kitandani na simu imewekwa sikioni mwake.

Mzee alipomaliza, nikasimama nikasoma mada yangu. Ilihusu nyimbo za mabinti walioolewa mbali, ng'ambo ya mto. Binti wa huku zamani hakurudi kwao peke yake, ilikuwa aibu. Mpaka baba au kaka aje na mtumbwi kumchukua. Kwa hiyo anasimama ukingoni akiwaimbia wapiga makasia wanaopita, wamkumbushe baba yake. Ili wanielewe, nikawasimulia siku niliyoondoka. Baba amefunga begi langu kwa mpira kwenye keria, anasukuma baiskeli kutoka Nyarubungo, na pale Nyakanazi katikati ya malori ananiambia, "Ukicherewa huko, nitakufuata na baiskeri hii hii." Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi, na bibi mmoja alijifuta macho kwa upande wa sari yake. Nilijisikia mtu.

Nikatoka nje kumpigia Deusi. Akaniambia baba alikuwa ananiulizia, sasa ulimi umekwisha kufungika.

Nililia pale kwenye meza ya chai. Yule mzee akaja, nikamweleza. Akashika kichwa chake. "Binti, si ungenyanyuka tu! Mimi ni mzee nipendaye kuongea, hapa kila mtu ananikimbia." Nilitamani kumchukia, nikashindwa. Kesho yake alinisindikiza mwenyewe kwenye ofisi ya vibali. Pasi yangu iko kwao tangu nilipoomba kuongezewa muda wa kuishi hapa, na bila pasi sipandi ndege. Walimpa mzee kiti, mimi wakanipa chai, pasi hawakutupa. Wiki ijayo, wanasema, na wiki iliyopita walisema hivyo hivyo. Sina la kufanya, mama. Ninajua nyimbo zote za mabinti wanaosubiri, na hakuna hata wimbo mmoja unaosema wafanye nini.

Naomba uniambie, baba alitaka kusema nini? Deusi anasema alitaja jina langu tu. Kama hujui, sema hujui. Usinitungie la kunituliza.

Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie magoti yake yaache kulia, mjukuu yupo. Nisalimie mama mdogo wa Ngara. Na mtani wetu Masanja, Msukuma jirani, ambaye Deusi anasema analichunga shamba la baba pamoja na ng'ombe wake: mwambie leo sina utani, nina asante tu.

Barua hii baba asisomewe yote. Deusi ainame kwenye sikio lake, amwambie, Stela anakuamkia, usijisumbue kuitikia. Halafu amwambie lile neno la Nyakanazi nimelifuta. Asinifuate. Baiskeli ibaki pale ilipoegemea, ukuta wa jiko. Mimi nilikaa mpaka mzee akamaliza, kama alivyonilea. Sasa na yeye akae hapo hapo, asinyanyuke, mpaka nifike.

Ni mimi, binti yenu,
Stela